Nafuu Kuliko Nini? Stockholm na Utafiti wa Tiba za Mwili na Akili

Tiba mbadala, pamoja na tiba zinazounganisha mwili na akili, ni jina la jumla la njia nyingi za kutafuta afya nje ya vidonge na upasuaji: masaji, yoga, kutafakari, mazoezi ya kupumua, akupancha ya Wachina, kunyoosha mgongo, mitishamba. Baadhi ni za kale kuliko hospitali zenyewe. Ugumu wa kuzitafiti uko mahali pamoja. Mtu aliyechuliwa mgongo akainuka akisema amepata nafuu hasemi uongo, ila kauli yake haitoshi kuonyesha nafuu hiyo imetoka wapi. Huenda ni mikono ya mchuaji. Huenda ni ile saa nzima ya kulala kimya, bila simu wala mtu wa kumsumbua. Huenda ni matumaini aliyokuja nayo, au maumivu yalikuwa yanaisha yenyewe, kama yanavyoisha maumivu mengi ya mgongo. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, umeshughulika na tiba za aina hii kwa zaidi ya miaka 200, na majibu yaliyopatikana huko yanamfaa yeyote anayetoa fedha yake kwa mganga, mchuaji au mwalimu wa yoga.

Habari inaanzia kwa Per Henrik Ling, mwalimu wa kupigana kwa vitara aliyeishi kati ya 1776 na 1839. Mwaka 1813 alianzisha Stockholm taasisi ya kifalme ya mazoezi ya viungo. Ling aliamini kwamba mwendo wa mwili uliopangwa vizuri hutibu, si kwamba hujenga misuli tu, na wanafunzi wake wakaeneza mazoezi ya tiba katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika. Wataalamu wa fiziotherapia wa leo ni warithi wa kazi hiyo. Dunia nzima pia humtaja Ling kama baba wa “masaji ya Kiswidi”, ingawa namna za kuchua zinazofundishwa kwa jina hilo, kama kupapasa, kukanda na kugonga, zinahusishwa zaidi na daktari Mholanzi Johan Georg Mezger. Wakati wa Ling hakuna aliyepima matokeo ya tiba hiyo kwa kulinganisha kikundi kimoja cha wagonjwa na kingine. Ushahidi ulikuwa mgonjwa aliyepona na mwalimu aliyesimulia.

Sheria ilifika kabla ya utafiti. Mwaka 1960 Sweden ilitunga sheria dhidi ya utapeli wa tiba, na masharti yake makuu yamo hadi sasa katika Sheria ya Usalama wa Mgonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2011. Mtu asiye na leseni ya afya haruhusiwi kutibu saratani, kisukari, kifafa, magonjwa fulani ya kuambukiza, wala maradhi yanayohusiana na ujauzito na uzazi. Haruhusiwi kabisa kumpima wala kumtibu mtoto wa chini ya miaka 8. Mwenye leseni naye amefungwa upande wake: daktari au muuguzi analazimika kufanya kazi kwa kufuata sayansi na uzoefu uliothibitishwa, hivyo hawezi kumpa mgonjwa tiba kwa sababu tu yeye binafsi anaipenda. Katikati ya kuta hizo mbili milango kadhaa ilifunguliwa. Mwaka 1984 mamlaka ya afya ilikubali akupancha itumike katika huduma za kawaida kutuliza maumivu. Matabibu wa kunyoosha uti wa mgongo, yaani makairopraktiki, walianza kupewa leseni mwaka 1989, na wataalamu wa naprapati, tiba ya mikono kwa misuli na viungo, mwaka 1994.

Kwa utaratibu huo, mtafiti wa Stockholm anayetaka tiba yake iingie hospitali hana njia ya mkato. Lazima aonyeshe kwamba wagonjwa wake wamepata nafuu kuliko wengine waliolingana nao ambao hawakupata tiba ile. Kazi kubwa ya namna hiyo imefanyika katika Karolinska Institutet, chuo kikuu cha tiba kilichoanzishwa 1810, ambacho jopo lake la maprofesa ndilo huchagua washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka 2005 chuo hicho kilifungua kituo cha tiba shirikishi kwa msaada wa mfuko wa Bernard Osher wa Marekani, ambao una vituo vya namna hiyo San Francisco na Boston pia. Aliyekiongoza mwanzoni ni Martin Ingvar, mtafiti wa ubongo. Hakuwa mganga wala mwalimu wa yoga, na uteuzi huo ulikuwa wa busara.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Ingvar na wenzake, wakiongozwa na Predrag Petrovic, walikuwa wamechapisha katika jarida la Science utafiti mdogo ambao bado unatajwa popote tiba za mwili na akili zinapojadiliwa. Watu 9 wenye afya njema waliwekewa joto la kuumiza mkononi huku ubongo wao ukipigwa picha. Mara nyingine walidungwa remifentanil, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni. Mara nyingine walidungwa maji ya chumvi wakiwa wameambiwa ni dawa kali ya maumivu. Baadhi yao maumivu yalipungua hata kwa maji ya chumvi. Picha zikaonyesha kuwa sehemu ileile ya mbele ya ubongo iliyoamshwa na dawa ya kweli iliamshwa pia na dawa bandia. Nafuu ya kutarajia haikuwa adabu ya mgonjwa anayemridhisha daktari. Ilikuwa kazi ya ubongo inayoweza kuonekana kwenye picha. Watafiti wa San Francisco walikuwa wamekaribia jambo hilo tangu 1978, walipogundua kwamba dawa inayozuia afyuni hupunguza pia nafuu ya dawa bandia kwa watu waliong’olewa meno. Mwili, kumbe, una afyuni yake, na matarajio yanaweza kuifungulia.

Karin Jensen, mtafiti wa Kiswidi ambaye leo anafanya kazi Karolinska, alikwenda mbali zaidi katika utafiti aliofanya Boston na kuuchapisha 2012. Watu walioneshwa picha za nyuso, uso mmoja ukiambatana na joto kali na mwingine na joto dogo. Baadaye nyuso hizo zilipitishwa mbele ya macho kwa kasi ambayo mtu hawezi kuzitambua, na joto likawekwa sawa kila mara. Hata hivyo uso wa “maumivu” ulipopitishwa, waliumia zaidi. Jambo hili lina uzito pande zote mbili. Akili inayoweza kupunguza maumivu bila mtu kujua inaweza pia kuyaongeza bila yeye kujua, na neno la kutisha kutoka kwa daktari au mganga hufanya kazi mwilini kama linavyofanya neno la faraja.

Utafiti wa akupancha nao ulibadilika. Swali la zamani lilikuwa kama wagonjwa wanapata nafuu. Swali jipya likawa kama sindano yenyewe ndiyo inayoleta nafuu hiyo. Mfano mzuri ni kazi ya Anna Enblom na wenzake, iliyochapishwa 2011. Wagonjwa 215 wa saratani waliokuwa wakipigwa mionzi ya tumbo na nyonga, tiba inayoweza kuleta kichefuchefu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walichomwa sindano halisi kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo wataalamu wa akupancha husema hutuliza tumbo. Nusu nyingine walipata kitu kinachofanana nayo: sindano butu ambayo, ikibonyezwa, huingia ndani ya mpini wake badala ya kutoboa ngozi. Mgonjwa anahisi kitu kimegusa, anaiona imesimama, na haoni tofauti yoyote. Muda wa kukaa na mhudumu ulikuwa uleule, maneno yaleyale, upole uleule.

Vikundi hivyo viwili vilitoka sawa. Sindano halisi haikuishinda sindano ya uongo. Ila watafiti walipovilinganisha na wagonjwa wengine waliopata huduma ya kawaida tu, vyote viwili vilikuwa na kichefuchefu kidogo zaidi. Wagonjwa wa huduma ya kawaida hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu pamoja na wenzao, hivyo ulinganisho huo wa pili si imara kama wa kwanza. Hata hivyo funzo lake ni kubwa. Kilichowasaidia wagonjwa hakikuwa tundu kwenye ngozi. Kwa dalili zote kilikuwa ni mtu kukaa nao mara kadhaa kwa wiki, kuwagusa, kuwauliza hali na kuwapa tumaini, mambo ambayo hospitali yenye foleni ndefu huyakata kwanza inapokosa muda. Ni makosa kusoma matokeo haya na kusema tu kwamba akupancha ni uongo, na ni makosa makubwa zaidi kusema yamethibitisha njia za nishati ndani ya mwili. Yanaashiria thamani ya huduma ya binadamu kwa binadamu, na hilo lingestahili kulipiwa hata bila sindano.

Upande wa mgongo na shingo, ambako Waswidi wengi hupoteza siku za kazi, Stockholm ina rekodi ndefu. Mwaka 2009 Tobias Sundberg na wenzake walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 80 wa huduma ya msingi. Kikundi kimoja kilipata huduma ya kawaida. Kingine kilipata huduma hiyo pamoja na mchanganyiko wa masaji ya Kiswidi, tiba ya mikono, shiatsu ya Wajapani, akupancha na qigong, yote chini ya uangalizi wa daktari mmoja. Tofauti ya wazi kati ya vikundi haikuthibitika. Kilichoonekana ni dalili kwamba waliopata mchanganyiko walielekea kutumia dawa kidogo zaidi za maumivu. Watafiti waliliita jaribio la mwanzo, na waliyaripoti matokeo hayo bila kuyapamba.

Naprapati ilifanya vizuri zaidi. Katika jaribio lililoongozwa na Eva Skillgate na kuchapishwa 2007, watu 409 wenye maumivu ya mgongo au shingo waligawanywa kati ya naprapati na ushauri wa daktari wa kuendelea na shughuli na kutoogopa maumivu. Baada ya wiki 12 kikundi cha naprapati kilikuwa na maumivu machache na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya kazi zao. Msomaji mwangalifu atagundua pengo hapa: waliotibiwa kwa mikono walipata pia miadi mingi na muda mwingi kuliko wenzao. Baada ya jaribio la Enblom haiwezekani tena kulipuuza hilo. Jaribio la baadaye la maumivu ya shingo jijini humo, lenye watu zaidi ya 600, lilijaribu masaji ya kina, mazoezi, na vyote viwili pamoja, dhidi ya ushauri. Manufaa ya masaji yalionekana zaidi katika muda mfupi. Kwa hiyo anayelipia masaji analipia wiki kadhaa zenye ahueni. Mara nyingi hilo linatosha, mradi muuzaji asiahidi zaidi.

Yoga ilipata nafasi yake katika hospitali ya Danderyd, kaskazini mwa jiji. Maria Wahlström na wenzake walichukua wagonjwa 80 ambao mapigo ya moyo wao huvurugika ghafla na kurudi, hali inayowatia watu hofu hata moyo unapokuwa umetulia. Nusu walifanya yoga nyepesi, pamoja na kupumua taratibu na kutafakari, kwa wiki 12. Wengine waliendelea na dawa na miadi ya kawaida. Matokeo ya 2017 yalionyesha waliofanya yoga wakiwa na hali bora zaidi ya maisha, mapigo ya polepole na presha ya chini zaidi. Dawa hazikuachwa, na hakuna aliyedai kwamba yoga inaziba nafasi yake. Utafiti mwingine wa Karolinska, wa watu 159 wenye maumivu ya mgongo, ulipiga hesabu ya gharama ukaona yoga ya tiba inaweza kuwa na thamani nzuri kwa mwajiri na jamii, kwa sharti moja lisiloepukika: mhusika aifanye kweli.

Wakati wengine wakipima tiba, watafiti wa Stockholm Mats Lekander, John Axelsson na wenzao walichunguza njia ambayo mwili hupeleka habari kwenye akili. Walidunga watu 16 wenye afya chembe za ganda la bakteria zisizo na uhai, ambazo huamsha kinga kama vile mtu ameambukizwa, na siku nyingine wakawadunga maji ya chumvi. Saa mbili baada ya kila sindano walipigwa picha. Watu 62 wasiojua lolote walipooneshwa picha hizo, waliweza kutambua waliokuwa wagonjwa kwa kiwango kinachozidi kubahatisha: ngozi na midomo iliyopauka, kope zilizolegea, uso uliochoka. Utafiti huo ulitoka 2018. Kinga, uso, hamu ya kula na moyo wa kutaka kuwa na watu ni mfumo mmoja, na kwa msingi huo hakuna ajabu kwamba kupumzika na kutulizwa hugusa pia mwili.

Kusini mwa Stockholm, katika mji wa Järna, kulikuwa na jaribio la aina nyingine, la maisha mazima. Huko wanaishi wafuasi wengi wa antroposofia, falsafa ya Rudolf Steiner, na mwaka 1985 walifungua hospitali yao, Vidarkliniken. Ilifungwa 2019. Mwaka 1999 Johan Alm na wenzake walilinganisha watoto 295 wa shule za Steiner na watoto 380 wa shule jirani. Watoto wa shule za Steiner walikuwa na mzio na pumu kwa kiwango cha chini. Nyumbani kwao antibiotiki zilitumika kwa uchache na mboga zilizochachushwa zililiwa mara nyingi. Gazeti la haraka lingeandika kwamba mtindo huo wa maisha unakinga mzio. Lakini familia hizo zilitofautiana na majirani kwa mambo mengi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyezigawa kwa bahati nasibu. Wengi wao pia hawakuwapa watoto chanjo ya surua, na surua si ugonjwa wa kuuchezea: huua watoto, na ulinzi wa mtoto mchanga asiyefikia umri wa kuchanjwa unategemea watoto wengine kuchanjwa.

Dawa mashuhuri zaidi ya antroposofia ni sindano ya dondoo la mistletoe, mmea wa Ulaya unaoota juu ya matawi ya miti mingine, ambayo hutolewa kwa wagonjwa wa saratani. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi Serbia walitangaza kwamba wagonjwa 220 wa saratani ya kongosho iliyoenea, waliogawanywa kati ya kudungwa sindano hiyo na kutodungwa, walitofautiana sana: nusu ya waliodungwa waliishi zaidi ya miezi 4.8, na nusu ya wengine zaidi ya miezi 2.7. Kwa ugonjwa huo, miezi miwili ni habari kubwa. Tatizo ni kwamba kila mtu alijua nani anadungwa na nani hapati. Ndipo jaribio la Sweden likaandaliwa, Karolinska ikiwa kiini chake. Wagonjwa 290 walidungwa mara tatu kwa wiki, wengine dondoo halisi, wengine maji ya chumvi. Si wagonjwa wala madaktari waliojua yupi anapata nini. Matokeo ya 2024 hayakuonyesha faida yoyote katika urefu wa maisha wala katika ubora wake.

Watafiti na wagonjwa hao wanastahili heshima. Kumwomba mtu mwenye miezi michache ya kuishi akubali huenda anadungwa maji, kwa faida ya wagonjwa watakaokuja, ni kuomba jambo zito, na watu 290 walikubali. Bila wao sindano hiyo ingeendelea kuuzwa kwa hoja ya 2013.

Afrika Mashariki inajua vizuri hasara ya kukosa ulinganisho. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, na shuhuda za uponyaji zikajaa redioni. Hakukuwa na kikundi cha kulinganisha, hivyo shuhuda hizo, hata zilizosemwa kwa moyo mweupe, hazikuweza kuthibitisha chochote, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuziamini shuhuda hizo. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, pamoja na taasisi ya utafiti wa tiba asili pale Muhimbili iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Vyombo vipo. Majaribio ya kulinganisha ndiyo yanayohitaji fedha na uvumilivu zaidi.

Sweden yenyewe haijamaliza kazi. Mwaka 2019 tume ya serikali chini ya Kjell Asplund, profesa wa tiba, ilitoa ripoti ndefu kuhusu tiba mbadala, ikitilia mkazo usalama, maarifa na mazungumzo. Hilo la mazungumzo ndilo rahisi na ndilo linalosahauliwa. Wagonjwa wengi hutumia mitishamba kimya kimya, wakiogopa kukemewa, na daktari haulizi. Mmea wa wort wa Mtakatifu Yohane, unaotumiwa Ulaya kuinua moyo, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za VVU, na anayeunywa bila kusema anajiweka hatarini.

Kwa hiyo, msomaji anayekwenda kuchuliwa, kufanya yoga au kunywa mizizi, aende akijua anachotafuta, amwambie daktari wake kila anachotumia, na asiache dawa ya kisukari, presha, kifafa, VVU au saratani kwa ahadi ya mtu. Na anayeuza tiba akisema watu wake wanapata nafuu, aulizwe: nafuu kuliko nini?